Togwa ya Msanzi Huanzia Shambani

Mwezi huu tunakwenda Msanzi. Msanzi ni kata katika Wilaya ya Kalambo, Mkoa wa Rukwa. Ukitoka mjini Sumbawanga unashika njia ya kwenda Matai, upande wa kusini-magharibi. Ukiipita Matai na kuendelea kuteremka, utafika Kasanga, penye bandari ya Ziwa Tanganyika. Lakini sisi hatuendi ziwani. Tunabaki huku juu, katika uwanda wa Ufipa.

Uwanda huu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Miti ni michache. Majani ni mengi. Vilima vimelala kimoja nyuma ya kingine, na upepo hupita bila kuzuiwa. Mwezi wa Juni na Julai ni baridi kali, na watu hukaa karibu na moto. Sasa ni Februari. Mvua inanyesha, njia zina tope, na asubuhi ukungu hufunika mabonde.

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni kutazama mashamba. Lakini katika safari hii nilitazama pia vikombe. Nilitaka kujua watu wa Msanzi wanakunywa nini, na kinywaji hicho kinatoka wapi.

GULIONI

Siku ya gulio watu wanatoka vijiji vya jirani. Wengine wanakuja kwa miguu, wengine kwa baiskeli, wengine kwa pikipiki. Kuna maharage, mahindi, samaki wakavu kutoka ziwani, nguo na masufuria.

Vinywaji navyo vipo. Dukani kuna soda. Kuna unga wa rangi ulio katika pakiti ndogo, ambao unakorogwa kwenye maji na kuitwa juisi. Pembeni kuna pombe ya ulezi, na wazee wamekwisha kaa.

Togwa nilimkuta nayo mama mmoja tu. Alikuwa na ndoo moja, imefunikwa kwa kitambaa cheupe. Watoto walimzunguka. Akina mama wenye watoto mgongoni walimzunguka. Kabla ya saa sita mchana ndoo ilikuwa tupu, na watu bado walikuwa wanakuja.

Nikamwuliza, "Mama, mbona umeleta ndoo moja, na wateja ni wengi?"

Akanijibu, "Bwana shamba, maji ninayo. Unga wa mahindi ninao. Kuni ninazo. Kimea ndicho sina. Ulezi wangu umekwisha tangu Desemba. Huu nimeazima kwa dada yangu, debe nusu, nami nitaulipa wakati wa mavuno."

Hapo ndipo nilipopata habari yenyewe. Watu wanataka togwa, na mama anajua kuitengeneza. Ulezi ndio haupo. Kwa hiyo mtu akitaka kufufua kinywaji hiki, asianze na chupa wala kiwanda. Aanze na shamba.

TOGWA NI KITU GANI?

Wengi wetu tunaijua togwa. Lakini watoto wetu wengi wanaijua kwa jina tu. Kwa hiyo tueleze.

Togwa ni uji uliotiwa kimea na kuachwa uchachuke kidogo. Si pombe. Mtoto anakunywa, mama mjamzito anakunywa, mzee anakunywa. Mtu ambaye dini yake inamkataza pombe anakunywa bila wasiwasi, maadamu ni ya leo au ya jana. Zamani watu walipolimiana kwa zamu, mwenye shamba aliandaa pombe kwa wakubwa. Togwa ilikuwa ya watoto na ya wote wasiokunywa pombe. Hakuna aliyerudi nyumbani na kiu.

Togwa si ya Wafipa peke yao. Ruvuma, Iringa na Mbeya wanayo. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, wana munkoyo, ambayo inapikwa kwa mahindi na kutiwa mizizi ya mmea wa porini badala ya kimea. Kusini-magharibi mwa Uganda wana obushera, ya mtama au ulezi. Nchini Zambia pia kinywaji cha mahindi kiitwacho maheu kinatengenezwa viwandani, kinatiwa katika chupa na kuuzwa madukani. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kinywaji cha bibi ni cha kuonea haya. Wenzetu wamekifanya kuwa biashara.

MAMA ANAVYOTENGENEZA

Siku ya pili nilikwenda nyumbani kwa yule mama. Alikubali nione kazi yote. Nami nakuandikia wewe hatua kwa hatua, ili usome na ufanye.

Kwanza ni kimea.

1. Chukua ulezi. Upepete. Ondoa mawe, mchanga na punje zilizooza.

2. Uoshe kwa maji safi, kisha uloweke usiku mmoja.

3. Mwaga maji. Utandaze ulezi katika kikapu au juu ya gunia safi. Ufunike. Unyunyizie maji kidogo asubuhi na jioni.

4. Baada ya siku mbili au tatu utaona umechipua. Hapo utoe.

5. Uanike juani mpaka ukauke kabisa. Usiuanike chini ardhini. Uanike juu ya mkeka safi au kichanja.

6. Usage. Unga huo ndio kimea.

Ukiona kimea kina ukungu wa kijani au mweusi, kitupe. Usimpe mtu, wala usimpe kuku. Ukungu una sumu isiyoonekana kwa macho, na kupika hakuiondoi.

Sasa ni togwa yenyewe. Kwa ndoo ya lita 20, mama anatumia unga wa mahindi kilo 2, kimea kilo nusu na maji lita 18 hivi.

1. Pika uji wa mahindi mpaka uive vizuri.

2. Uache upoe, uwe vuguvugu. Ukiweza kutia kidole bila kuungua, umefaa. Uji wa moto sana unaua nguvu ya kimea.

3. Tia kimea. Koroga.

4. Tia kikombe kimoja cha togwa nzuri ya jana, kama ipo.

5. Funika. Acha usiku mzima.

6. Asubuhi chuja. Togwa iko tayari.

Kuna jambo moja linashangaza. Mama alipotia kimea, uji ulikuwa mzito, mwiko unasimama. Baada ya dakika chache ulikuwa mwepesi kama maziwa. Hakuongeza hata tone la maji. Akanyweshea kidole, akasema, "Sasa una utamu." Hakutia sukari.

KWA NINI UJI UNALAINIKA?

Punje ya ulezi ikichipua, inatoa nguvu ya kuvunja wanga. Inafanya hivyo ili kuulisha mmea mchanga. Sisi tunaichukua nguvu hiyo na kuitia katika uji. Wanga wa uji unavunjika na kuwa sukari. Ndiyo maana uji unalainika, na ndiyo maana unakuwa mtamu.

Faida yake ni kubwa kwa mtoto mdogo. Tumbo la mtoto ni dogo. Uji mzito hawezi kuula. Ukiuongezea maji, unamjaza maji, chakula ni kidogo. Lakini ukiulainisha kwa kimea, anakunywa chakula kingi katika kikombe kilekile. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilieneza habari hii ya kimea vijijini katika miaka ya 1980.

Kisha uji unachachuka. Vijidudu vizuri vinafanya uwe mchachu. Uchachu huo unazuia vijidudu vibaya visizaane. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Tanzania na Sweden waliwanywesha watoto wadogo wa hapa nchini uji wa kuchachushwa wa aina hii. Waliona kwamba vijidudu vya kuharisha vilipungua matumboni mwa watoto hao.

Lakini tuelewane. Togwa si dawa. Mtoto akiharisha, apelekwe zahanati na apewe maji ya chumvichumvi. Na togwa iliyotengenezwa kwa maji machafu na mikono michafu haiwezi kuwa salama.

Je, na ulezi wenyewe? Ulezi una madini ya mifupa kwa wingi. Gramu 100 za ulezi zina kalsiamu zaidi ya miligramu 300. Nafaka nyingine tunazozijua hazifiki hapo. Tena mtama ukichipua una sumu kidogo katika machipukizi yake, hivyo unahitaji uangalifu. Ulezi hauna tatizo hilo.

Sasa linganisha na soda. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari gramu 35 hivi. Hiyo ni kama vijiko 8 au 9 vya chai. Hakuna madini ya mifupa humo. Na fedha uliyolipa inakwenda mbali na Msanzi. Kunywa soda siku ya sikukuu si kosa. Lakini mtoto anayepewa soda kila siku, na nyumbani hakuna uji, anapungukiwa.

ULEZI ULIKWENDA WAPI?

Nilikwenda shambani na mzee mmoja. Jembe lilikuwa begani. Alikuwa anatengeneza intumba.

Kwa ambao si wa Ufipa, nieleze. Intumba ni vichuguu vya udongo vya duara. Mwisho wa masika, majani yakiwa marefu na udongo ukiwa laini, mkulima anayakata majani na kuyafunika kwa udongo. Shamba zima linajaa vichuguu. Juu ya vichuguu watu hupanda maharage au mazao mengine. Chini, majani yanaoza na kuwa mbolea. Mvua za msimu unaofuata zikianza, mkulima anavivunja vichuguu, anausambaza udongo ule mweusi, na anapanda ulezi.

Hii ndiyo mboji ya Wafipa. Waliijua kabla mabwana shamba hatujafika. Jirani zao Wamambwe, upande wa Zambia, wanalima vivyo hivyo na wanakuita kilimo hicho fundikila. Wataalamu kutoka nchi za mbali wamekuja kukiandika vitabuni.

Nikamwuliza mzee, "Baba, mbona eneo la ulezi ni dogo namna hii?"

Akasema, "Mahindi yaliusukuma."

Alisema kweli. Katika miaka ya 1970 na 1980 Serikali ilihimiza mahindi katika mikoa ya nyanda za juu. Mbolea ya chumvichumvi iliuzwa kwa bei nafuu. Mahindi yalinunuliwa kwa bei moja nchi nzima, hata yale ya mbali kama Rukwa. Wakulima walilima kwa nguvu, na Rukwa, iliyokuwa mkoa mpya tangu mwaka 1974, ikahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma katika mikoa minne mikubwa ya mahindi. Hilo lilikuwa jambo jema. Taifa lilipata chakula.

Lakini ulezi ulibaki nyuma. Palizi yake ni ngumu. Tena kuna gugu linalofanana nao kama pacha, na mtu asiye mzoefu hung'oa ulezi akaacha gugu. Bei ya mbolea ilipopanda katika miaka ya 1990, wengi walikuwa wamekwisha zoea mahindi. Waliobaki na ulezi waliulima kidogo, na wakati wa mavuno waliuuza mara moja kwa sababu ya shida za fedha. Wanunuzi wengi ni watengenezaji wa pombe. Kufika Desemba ghala halina kitu.

Hivyo ndivyo ulezi unavyopatikana kwa pombe na kukosekana kwa mtoto.

MALUNGU YALIYONYAMAZA

Mzee alinikumbusha jambo lingine. Akainua jembe lake akaniuliza, "Hili limetoka wapi?" Nikasema, dukani. Akacheka.

Wafipa walikuwa mafundi wa chuma. Walijenga matanuri marefu ya udongo, marefu kupita kimo cha mtu. Tanuri moja linaitwa ilungu, mengi ni malungu. Waliyeyusha mawe ya chuma humo, kisha wakayasafisha katika tanuri dogo lililoitwa kintengwe. Walifua majembe yao wenyewe. Majembe hayo ndiyo yaliyotengeneza intumba.

Kisha majembe ya kutoka Ulaya yakaja kwa bei nafuu wakati wa ukoloni. Watu wakayanunua. Moto wa malungu ukazimika. Vijana hawakufundishwa, kwa maana hapakuwa na haja. Leo baadhi ya malungu bado yamesimama porini sehemu mbalimbali za Ufipa. Wageni wanakuja kuyapiga picha. Mafundi waliokuwa wakiyawasha hawapo tena.

Jembe la dukani linafaa, nami silipingi. Lakini tujifunze. Ujuzi haufi kwa kupigwa marufuku. Unakufa kwa kutotumiwa. Mama mmoja mwenye ndoo moja gulioni ni kama fundi wa mwisho mbele ya ilungu. Akizeeka kabla hajamfundisha binti yake, na mbegu yake ikiisha ghalani, togwa itakuwa picha ya kuonyesha wageni.

MANENO CHINI YA MTI

Jioni tulikaa chini ya mti. Walikuwepo akina mama saba, yule mzee, na kijana mmoja mwenye duka dogo. Nikaeleza nilivyoona: tatizo ni ulezi. Nikauliza, je, hamwezi kuulima pamoja?

Walikaa kimya. Kisha mzee akasema, "Bwana shamba, sisi tulilima pamoja miaka ya 1970. Shamba la kijiji. Kengele ililia, tukaenda. Wengine walilima, wengine walikaa kivulini. Mavuno yaliuzwa, na fedha sikuiona. Shamba la wote ni shamba la nani?"

Mama mmoja akamjibu kwa heshima, "Baba, hayo ni kweli. Lakini kila mtu peke yake, tazama sasa. Februari hii nani ana ulezi? Hakuna. Sisi tunaokopa debe nusu tunalipa debe zima. Je, hilo si shamba la mwingine?"

Kijana naye akasema yake. Alitaka togwa itiwe katika chupa na iuzwe mpaka Sumbawanga. "Nitaokota chupa za maji zilizotumika," alisema, "nizioshe." Akina mama wakatazamana. Yule muuza togwa akasema, "Mwanangu, chupa uliyoiokota hujui ilibeba nini. Mtoto mmoja akiugua, togwa yote ya Msanzi imekufa."

Mazungumzo yalikuwa marefu. Hapakuwa na aliyeshinda. Lakini wazo moja lilipata watu wengi, nalo ni hili: wasilime shamba moja, bali wawe na kihenge kimoja. Kila mtu alime kipande chake, kwa jembe lake. Atakayezembea, uzembe wake utaonekana katika kipande chake. Wakati wa mavuno kila mwanachama alete debe moja la ulezi katika kihenge cha kikundi. Debe hilo haliuzwi. Ni la kimea tu. Unaobaki ni wake, afanye atakavyo.

Mzee akawaza. Akasema, "Kihenge hicho kitakuwa na daftari?"

Wakasema, "Kitakuwa nalo."

"Na nani atalisoma?"

Akina mama watatu wakainua mikono. Wote watatu walijifunza kusoma wakiwa watu wazima.

TUPIGE HESABU

Ndugu msomaji, chukua kalamu. Tupige hesabu pamoja.

Debe moja la ulezi lina uzito wa kilo 16 hivi. Wanachama 25 wakileta debe moja kila mmoja, jumla ni kilo 400.

Tuondoe robo kwa mbegu, kwa upungufu wakati wa kutengeneza kimea, na kwa hasara nyingine. Robo ya 400 ni 100. Zinabaki kilo 300 za kimea.

Ndoo moja ya togwa ya lita 20 inahitaji kimea kilo nusu. Kwa hiyo kilo 300 zinatosha ndoo 600. Ndoo 600 mara lita 20 ni lita 12,000.

Mwaka una majuma 52. Ukigawa ndoo 600 kwa 52, unapata ndoo 11 na zaidi kila gulio, mwaka mzima. Leo gulioni ilikuwepo ndoo moja, nayo ni ya kukopa.

Je, kila mtu alime eneo gani ili apate debe hilo moja? Kama ekari moja inatoa kilo 400, basi debe moja linatoka katika eneo la hatua 13 kwa hatua 13, hatua moja ikiwa mita moja. Kwa usalama, lima hatua 15 kwa 15. Kipande hicho ni kidogo. Hakimnyang'anyi mtu shamba lake la mahindi. Haba na haba hujaza kibaba.

MASHAURI YA BWANA SHAMBA

Sasa nitoe mashauri machache.

Kwanza, tengeneza intumba sasa hivi, Februari na Machi, wakati majani ni mabichi na udongo ni laini. Ukisubiri kiangazi udongo utakuwa mgumu. Panda maharage juu yake. Mwaka huu utavuna maharage, mwaka ujao ulezi.

Pili, panda ulezi kwa mistari. Acha sentimita 30 kati ya mstari na mstari. Punguza miche ili kati ya mche na mche kuwe na sentimita 10 hadi 15. Kilo 2 au 3 za mbegu zinatosha ekari. Faida kubwa ya mstari ni palizi. Gugu lile pacha likiota nje ya mstari, unaling'oa bila kujiuliza.

Tatu, chagua mbegu. Kabla ya kuvuna, pita shambani ukafunge uzi katika masuke mazuri yasiyo na ugonjwa. Vuna hayo peke yake. Kuna ugonjwa wa ukungu unaokausha shingo ya suke, punje zikawa tupu. Usichukue mbegu hapo. Zipo pia mbegu bora, kama U15 na P224, zilizoidhinishwa nchini mwaka 2012. Mwulize afisa ugani wako namna ya kuzipata. Lakini mbegu ya bibi usiitupe. Ipande kando. Imezoea baridi ya Ufipa.

Nne, hifadhi vizuri. Ulezi mkavu hauliwi sana na wadudu, nao hukaa miaka mingi ghalani. Mahindi hayawezi hivyo. Ndiyo maana wazee waliufanya akiba ya njaa.

Tano, tunza usafi. Chemsha maji. Osha mikono kwa sabuni. Funika ndoo. Tumia kata yenye mpini, mkono usiguse togwa. Uza siku hiyohiyo. Togwa ya siku tatu si togwa tena, imeanza safari ya kuwa pombe. Usimpe mtoto.

Sita, msikimbilie chupa. Anzeni kwa kuuza vizuri gulioni na shuleni. Mkitaka kuuza mbali, nendeni SIDO mjini Sumbawanga. Shirika hilo liliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Watawaelekeza juu ya vyombo, na namna ya kuomba alama ya ubora ya TBS. Halmashauri nazo hutoa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vilivyosajiliwa. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Mwulizeni afisa maendeleo ya jamii. Lakini msikope kabla kihenge hakijajaa. Mkopo bila ulezi ni deni tu.

Saba, andikeni. Aliyeleta debe, aandikwe. Kimea kilichotoka, kiandikwe. Ndoo zilizouzwa, ziandikwe. Daftari lisomwe mbele ya wote kila mwezi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Yule mzee aliyeuliza habari za daftari hakuwa mpinzani. Alikuwa na kumbukumbu.

KABLA MVUA HAIJAISHA

Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa uliufanya kuwa mwaka wa ulezi, uwele na jamii zake duniani kote. Mikutano mingi ilifanyika katika miji mikubwa. Ni vizuri. Lakini kihenge cha Msanzi hakitajazwa na mikutano. Kitajazwa na intumba zitakazotengenezwa kabla mvua haijaisha.

Nilipoondoka Msanzi wanachama walioandika majina walikuwa 9. Wanahitajika 25. Wengine wanangoja kuona. Kungoja si dhambi, lakini udongo hautangoja. Ukikauka, mwaka mmoja umepotea, na Februari ijayo yule mama atakuwa tena na ndoo moja, kama atapata pa kukopa.

Wewe unayesoma gazeti hili katika kijiji chako, huenda si Mfipa. Huenda kinywaji chenu ni cha ndizi, cha ubuyu au cha mtama. Tazama ni nani anayejua kukitengeneza. Tazama kinatoka shamba gani. Kisha kaa na wenzako mjadili.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chetu, nani anajua kutengeneza kimea? Je, amemfundisha nani?

2. Kwa nini mzee alikuwa na mashaka juu ya kulima pamoja? Je, kihenge kimoja na vipande mbalimbali vinaondoa mashaka hayo?

3. Ikiwa wanachama ni 15 tu, na kila mmoja analeta debe moja la kilo 16, mtapata kilo ngapi za ulezi? Ondoeni robo. Zitatosha ndoo ngapi za togwa?

4. Juma lililopita nyumba yenu ilitumia fedha kiasi gani kununua vinywaji vya dukani? Andika katika daftari lako.